Barua ya Ajira ya Ughaibuni na Picha ya Kifua: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuomba Ukaazi

Mkazi wa Babati anayepata barua ya ajira kutoka Uingereza, Kanada au Marekani huanza kwa kuhesabu pasipoti, nauli na vyeti vya shule. Jambo la nne hukumbukwa mwisho, nalo ndilo linaloweza kusimamisha mengine yote: uchunguzi wa afya, hasa wa kifua. Wengine hulikumbuka wakiwa tayari wameacha kazi, wameuza kiwanja na kuwaaga ndugu. Hapo ugonjwa unaotibika kwa miezi 6, tena bila malipo, hugeuka kuwa sababu ya kupoteza ajira iliyotafutwa kwa miaka.

Makala haya yanaeleza uchunguzi huo unahusu nini, kwa nini muda ni muhimu kuliko matokeo yenyewe, na nini kinachotarajiwa kwa mtoa huduma wa afya pale mgonjwa anapomweleza kwamba anajiandaa kuhama.

Njia kutoka barua ya ajira hadi ukaazi wa kudumu

Kila nchi ina utaratibu wake. Nchini Marekani mwajiri humwombea mfanyakazi viza ya uhamiaji, kwa kawaida baada ya kuthibitisha kwamba hakumpata mfanyakazi wa nchini humo aliye tayari na mwenye sifa. Aliyepewa viza hiyo huingia akiwa mkaazi wa kudumu tangu siku ya kwanza, ingawa foleni ya kuisubiri huweza kuchukua miaka. Uingereza hutoa kwanza viza ya kazi yenye kikomo, na ukaazi wa kudumu huombwa baada ya kuishi na kufanya kazi huko kwa miaka kadhaa. Kanada huchagua wahamiaji kwa pointi za umri, elimu, lugha na uzoefu, na majimbo yake nayo yana mipango ya kuwateua wafanyakazi wanaohitajika.

Milango hii hufunguliwa na kufungwa. Tangu Machi 2025, Kanada imeacha kutoa pointi za ziada kwa mwenye ahadi ya ajira katika mfumo wake mkuu wa uchaguzi. Tangu Julai 2025, Uingereza imesitisha kuajiri kutoka nje wafanyakazi wapya wa kutunza wazee na wagonjwa majumbani. Wakala anayeendelea kuuza nafasi za aina hiyo leo anauza kitu kisichokuwepo. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya mwenye barua ni kusoma masharti ya sasa katika tovuti rasmi ya serikali ya nchi anayokwenda, kabla ya kulipa shilingi yoyote.

Jambo moja halibadiliki katika nchi zote tatu: Mtanzania anayekwenda kuishi muda mrefu huchunguzwa kifua kikuu kabla ya kusafiri.

Kwa nini kifua kikuu

Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya miaka 2021 hadi 2025, Tanzania imo miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Hilo halimaanishi kwamba kila Mtanzania ni mgonjwa. Maana yake ni kwamba wengi wamewahi kuvuta vimelea vya ugonjwa huu, na kwa wengi wao vimelea hivyo vimelala mwilini bila kuleta dalili wala kuambukiza mtu. Wachache kati yao huugua baadaye, mara nyingi kinga ya mwili inapopungua.

Uingereza humtaka mwombaji kutoka Tanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 awe na cheti cha uchunguzi wa kifua kikuu. Cheti hicho hudumu miezi 6 tangu siku ya picha ya kifua. Kanada hupima zaidi ya hapo: picha ya kifua kuanzia umri wa miaka 11, pamoja na damu kwa kaswende na virusi vya UKIMWI (VVU) kuanzia miaka 15, matokeo hudumu miezi 12. Marekani hupiga picha ya kifua kuanzia miaka 15, huwapima damu watoto wa miaka 2 hadi 14 kutafuta maambukizi ya kifua kikuu, hupima magonjwa ya zinaa kwa makundi fulani ya umri, na hudai kumbukumbu za chanjo.

Uchunguzi huo hukubaliwa pale tu unapofanywa na kliniki au daktari aliyeidhinishwa na nchi husika. Cheti kilichoandikwa na hospitali ya Babati, hata kiwe na mihuri mitatu, hakitapokelewa na ofisi ya viza. Mwombaji atasafiri, kwa kawaida hadi Dar es Salaam, safari ya siku nzima kwa basi. Hata hivyo, kipimo cha Babati kina thamani kubwa kwa sababu nyingine, kama inavyoelezwa hapa chini.

Hesabu ya siku

Mwombaji ambaye picha yake ya kifua ni safi na hana dalili yoyote hupata cheti chake ndani ya muda mfupi. Aliye na doa lisiloeleweka hutakiwa kutoa makohozi kwa siku 3 mfululizo. Makohozi hayo hupimwa kwa darubini na pia huoteshwa maabara, kwa kuwa vimelea vya kifua kikuu hukua polepole mno. Maabara husubiri hadi wiki 8 kabla ya kutamka kwamba hakuna kilichoota. Aliyekutwa na ugonjwa huanza matibabu, ambayo kwa kifua kikuu cha kawaida ni miezi 6: dawa nne kwa miezi 2 ya kwanza, kisha dawa mbili kwa miezi 4. Baada ya hapo hupimwa upya.

Sasa hesabu hizo ziwekwe kando ya kalenda ya mwajiri. Nchini Uingereza, cheti cha udhamini ambacho mwajiri humpa mfanyakazi lazima kitumike kuombea viza ndani ya miezi 3 tangu kitolewe. Wiki 8 za kuotesha makohozi, ukiongeza siku za safari na za kusubiri miadi, humaliza karibu muda wote huo. Miezi 6 ya matibabu huupita mara mbili. Baadhi ya waajiri husubiri na kutoa udhamini mpya. Wengine humpa nafasi mtu mwingine.

Hapa ndipo kipimo cha Babati kinapookoa. Anayeanza kutafuta kazi nje afanye uchunguzi wa kifua katika hospitali iliyo karibu naye siku anapoanza kutafuta, asisubiri siku ya kupata barua. Kutafuta kazi, kufanya mtihani wa lugha na kuhakiki vyeti huchukua miezi mingi. Ugonjwa ukigunduliwa mwanzoni, matibabu hukamilika wakati makaratasi yakiendelea. Mwombaji hufika kwa daktari wa viza akiwa amepona, akiwa na ushahidi mkononi. Huduma ya kupima na kutibu kifua kikuu katika vituo vya umma nchini ni bure, na kipimo cha makohozi cha GeneXpert hutoa jibu ndani ya saa 2 hivi tangu sampuli iingizwe katika mashine, pamoja na kuonyesha kama vimelea ni sugu kwa dawa ya rifampisini.

Ieleweke vizuri kwamba kukutwa na kifua kikuu hakumfungii mtu njia ya kuhama. Uingereza, Kanada na Marekani zote humruhusu mwombaji kuendelea baada ya kukamilisha matibabu na kuthibitika kwamba haambukizi. Gharama ya ugonjwa huu kwa mwombaji ni muda, na muda unaweza kupangwa.

Kovu, vumbi na kadi ya matibabu

Mkoa wa Manyara una hali yake ya pekee. Machimbo ya tanzanite ya Mirerani yamo katika Wilaya ya Simanjiro, na vijana wengi wa Babati, Hanang na Mbulu wamewahi kushuka katika mashimo hayo. Vumbi la miamba lenye silika likivutwa kwa miaka hujenga makovu ndani ya mapafu, ugonjwa uitwao silikosisi. Mwenye silikosisi ana hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu, na hatari hiyo huendelea hata baada ya kuacha uchimbaji. Zaidi ya hayo, vinundu vya silikosisi huweza kufanana na kifua kikuu katika picha.

Mtu aliyewahi kutibiwa kifua kikuu akapona naye hubaki na kovu. Picha peke yake haiwezi kumwambia daktari kama kovu hilo ni la mwaka 2015 au la mwezi uliopita. Kinachoweza kumsaidia ni kumbukumbu: kadi ya matibabu, majibu ya makohozi ya mwanzo na ya mwisho, na picha za zamani. Picha mbili zilizopigwa kwa kupishana miezi kadhaa zikionyesha doa lilelile bila mabadiliko ni ushahidi wenye nguvu kwamba ugonjwa hauko hai.

Kwa hiyo, aliyewahi kutibiwa arudi katika kituo alichotibiwa na kuomba muhtasari wa matibabu ulioandikwa kwa Kiingereza, ukitaja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, dawa alizotumia, na matokeo. Aliyewahi kufanya kazi machimboni amweleze daktari miaka aliyokaa huko. Kuificha historia hii humfanya daktari wa viza alione doa kama jambo jipya, na mwombaji huingia katika wiki 8 za kusubiri ambazo huenda zingekuwa na maelezo.

Aliyepatikana na vimelea sugu kwa dawa huhitaji tiba ya muda na uangalizi tofauti. Kanda ya Kaskazini ina bahati ya kuwa na Hospitali Maalumu ya Magonjwa Ambukizi Kibong'oto, wilayani Siha mkoani Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1926 na iliyobobea katika tiba hiyo.

VVU, homa ya ini na hofu zisizo na msingi

Hofu kubwa ya waombaji wengi ni VVU. Wapo wanaoacha dawa za kufubaza virusi wakidhani kwamba kwa kufanya hivyo hawatagundulika. Kipimo cha VVU hutafuta kingamwili, na kuacha dawa hakuziondoi. Kinachotokea ni virusi kuongezeka, kinga kushuka, na kifua kikuu kupata nafasi. Mtu huyo hujikuta na magonjwa mawili badala ya moja linalodhibitiwa.

Marekani iliondoa VVU katika orodha ya magonjwa yanayomzuia mtu kuingia nchini humo mnamo Januari 2010. Uchunguzi wa kifua kikuu wa viza ya Uingereza hauhusishi kipimo cha VVU. Kanada hupima, lakini kuwa na VVU peke yake si sababu ya kukataliwa. Kinachoangaliwa ni kama gharama ya matunzo kwa mwaka inazidi kiwango kilichowekwa, kiwango ambacho kilipandishwa mara tatu mwaka 2018. Mwenye VVU aliyeshikamana na dawa na ambaye virusi vyake havionekani katika kipimo ana nafasi nzuri kuliko aliyeziacha.

Mambo ni tofauti kwa anayekwenda katika nchi za Ghuba kwa mkataba. Huko mikataba ya kazi ya kawaida haimpeleki mtu kwenye ukaazi wa kudumu, na masharti ya afya ni makali: VVU, homa ya ini aina ya B na C, na kifua kikuu humfanya mwombaji atamkwe kuwa hafai. Wengi huisikia habari hii kutoka kwa ndugu waliokwenda Oman au Saudia, kisha hudhani kwamba ndiyo sheria ya dunia nzima.

Homa ya ini aina ya B ina uzito wa pekee kwa wauguzi, madaktari na wataalamu wa maabara. Chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga nchini mwaka 2002, hivyo watu wazima wengi hawakuipata utotoni. Waajiri wa sekta ya afya ughaibuni hudai ushahidi wa kinga, na aliye na virusi huweza kuwekewa mipaka katika kazi za upasuaji. Chanjo ya mtu mzima hutolewa kwa dozi 3 ndani ya miezi 6. Hii nayo ni miezi inayopaswa kuhesabiwa mapema.

Wajawazito na watoto

Wanafamilia wanaoandamana na mfanyakazi nao huchunguzwa. Mama mjamzito atoe taarifa kabla ya kupigwa picha. Katika uchunguzi wa Uingereza anaweza kuchagua kupimwa makohozi badala ya picha, au kupigwa picha akiwa amekingwa tumbo baada ya miezi 3 ya kwanza, au kusubiri hadi ajifungue. Watoto walio chini ya miaka 11 kwa kawaida hawapigwi picha katika uchunguzi huo. Daktari huwauliza wazazi maswali na kumwangalia mtoto. Kadi ya kliniki yenye kumbukumbu za chanjo isipotee, kwa kuwa huko waendako itaombwa shuleni na hospitalini.

Wajibu wa mtoa huduma wa afya

Mgonjwa anayejiandaa kuhama humweka mtoa huduma katika majaribu. Ombi la kwanza ni cheti cha kusema kwamba mtu ni mzima bila kumpima. La pili ni ushauri wa namna ya kukwepa. Kupeleka makohozi ya mtu mwingine, kutumia picha ya ndugu au kughushi cheti huhesabiwa kuwa udanganyifu, na kwa sheria ya Uingereza udanganyifu katika maombi ya viza huweza kumfungia mtu kwa miaka 10. Mtumishi aliyeshiriki naye hujiweka katika hatari ya kupoteza leseni yake. Jibu la heshima ni kumpangia mgonjwa ratiba ya uchunguzi halisi siku hiyohiyo.

Kosa la tatu hufanyika bila nia mbaya. Mgonjwa aliyekohoa kwa wiki 2 au zaidi, mwenye haraka ya safari, hupewa antibayotiki za kundi la siprofloksasini au levofloksasini “kukausha kifua”. Dawa hizi hupunguza vimelea vya kifua kikuu bila kuvimaliza. Kikohozi hutulia kwa muda, uoteshaji wa makohozi huweza kutoa jibu la uongo, na vimelea vinavyobaki hujenga usugu. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu apimwe makohozi kwanza.

Siri ya mgonjwa nayo ilindwe. Mwajiri wa nje, wakala au ndugu anayelipa nauli hana haki ya kupewa majibu bila ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Hofu ya kuvuja kwa siri katika mji mdogo ndiyo inayowafanya wengi wasipime mapema.

Watumishi wa afya wanaohama

Baadhi ya wenye barua hizi ni watumishi wa afya wenyewe. Mwaka 2010 nchi wanachama wa WHO zilipitisha Kanuni za Kimataifa za Uajiri wa Watumishi wa Afya, na orodha ya WHO ya mwaka 2023 inaitaja Tanzania miongoni mwa nchi 55 zenye uhaba mkubwa unaohitaji kulindwa. Uingereza imeifuata orodha hiyo kwa kuwazuia waajiri na mawakala wa sekta ya afya kuja kuwasaka watumishi katika nchi hizo. Muuguzi wa Babati anayeomba kazi mwenyewe, moja kwa moja, hajavunja kanuni yoyote. Wakala anayefungua ofisi mjini na kutangaza kwamba anakusanya wauguzi kwa ajili ya hospitali za umma za Uingereza ndiye wa kutiliwa shaka. Sheria ya Uingereza pia humkataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi.

Kuhama ni haki ya mtu. Wodi inayobaki na muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi nayo ni ukweli. Anayeondoka akitoa taarifa mapema na kukabidhi wagonjwa wake wa kifua kikuu na VVU kwa majina na tarehe, huzuia matibabu yasikatike. Anayetoweka usiku huacha wagonjwa wasiojua waende kwa nani.

Kabla ya kupanda ndege na baada ya kufika

Anayetumia dawa za kila siku, ziwe za VVU, kisukari, shinikizo la damu au kifafa, aombe dawa za kumtosha miezi kadhaa na barua ya rufaa yenye majina halisi ya dawa. Akifika Uingereza ajiandikishe kwa daktari wa familia bila kusubiri kuugua. Matibabu ya VVU na kifua kikuu nchini humo hayatozwi malipo, bila kujali aina ya viza.

Cheti safi cha kifua kikuu kinaeleza hali ya siku ya kipimo tu. Vimelea vilivyolala huweza kuamka ndani ya miaka michache ya kwanza ugenini, wakati mtu anafanya kazi za zamu, analala kidogo na kula ovyo. Kikohozi cha zaidi ya wiki 2, jasho jingi usiku, homa za jioni au kupungua uzito ni dalili za kumwona daktari na kumtajia wazi nchi mtu alikotoka, kwa kuwa daktari wa huko huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa kifua kikuu kwa miaka mingi. Mwenye viza halali haipotezi kwa sababu ameugua kifua kikuu na kuanza tiba. Kuchelewa kutibiwa ndiko kunakowaambukiza watoto na wenzake wa chumba kimoja, na ndiko kunakoua.